Yai la Kuku wa Bwana

Ndugu zangu, wekeni vitabu vyenu chini kidogo mnisikilize. Na wewe mama uliyeanza kuangalia saa, nakuona, vumilia, leo sitawachelewesha sana.

Kulikuwa na mama mmoja katika kijiji cha milimani, kule kwenye chai na migomba, ambako ukungu ukishuka asubuhi hujui kama jirani ameamka mpaka umsikie akikohoa. Tumwite Mama Subilaga, maana alikuwa na mtoto mmoja tu wa kike, Subilaga, na huko mama huitwa kwa jina la mwanawe. Baba wa mtoto aliondoka kwenda kuchimba dhahabu mimba ikiwa ya miezi mitano. Alituma salamu mara moja, kisha hata salamu zikakatika.

Mama huyo alikuwa na kuku. Nataka mnisikilize vizuri habari za kuku huyu.

Subilaga alipokuwa na miezi minane alishikwa na degedege. Mvua ilikuwa inanyesha, zahanati ilikuwa mbali, mwendo wa saa mbili kwa mtu mwenye miguu mizuri. Mama akamfunga mtoto mgongoni, akajifunika kipande cha nailoni, akaondoka. Katikati ya njia akasikia mgongo wake umekuwa mzito. Nyinyi mliolea mnanielewa. Mtoto aliyelala ana uzito wake, na mtoto aliyelegea ana uzito mwingine. Mama akamteremsha, akamtazama macho, akapiga magoti palepale kwenye tope. Akasema, "Bwana, sina kitu. Unajua mwenyewe sina kitu. Nina kuku mmoja. Niachie huyu, yule kuku awe wako."

Mtoto akapiga chafya.

Mnacheka? Mama yule hakucheka. Alilia mpaka zahanati. Mtoto akatibiwa, akapona, na tangu siku hiyo kuku yule akawa wa Bwana. Akitaga yai moja, moja linakwenda kanisani Jumapili. Akitaga matatu, yote matatu yanakwenda. Alipozeeka akaachwa aatamie mara moja tu, binti yake akashika nafasi, naye akawa wa Bwana kwa kuzaliwa, kama vile ukuhani unavyorithishwa. Mtoto Subilaga ndiye aliyemlisha, ndiye aliyemfungia chini ya kitanda jioni, ndiye aliyejua sauti yake ya kutaka kutaga. Lakini yai la kuku yule halikuwahi kuingia kwenye sufuria ya nyumba ile. Miaka saba!

Je, alikosea? Msiniulize mimi. Mimi kama mchungaji, mtu akiniuliza iwapo Mungu anahitaji mayai, nitasema hapana. Lakini sikuwa pale kwenye tope. Mama alitoa neno, na neno ndiyo mali pekee aliyokuwa amebaki nayo. Hakumwambia mtu yeyote kanisani. Watu waliona tu kwamba mama yule maskini kila akija ana yai, wakasema, ah, yule ana imani, halafu wakaendelea na mambo yao.

Sasa mnaujua mnada wa sadaka. Nani asiyeujua hapa? Ibada ikiisha, tunatoka nje, vitu vilivyoletwa vinapangwa mezani: mkungu wa ndizi, boga, maharage kwenye kibakuli, miwa. Asiye na hela alete alichonacho, mwenye hela anunue, kanisa lipate. Ni utaratibu mzuri, mimi naupenda. Katika kanisa lile dalali alikuwa mwalimu wa kwaya, kijana mwenye sauti ya kuamsha wafu, na mdomo wake haukujua kupumzika. "Boga hili! Tazameni boga hili, limenenepa kuliko mhasibu wetu! Nani anaanza?"

Na aliyeanza mara nyingi alikuwa Mzee Mwakibete. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mwenye duka la pale njia panda, mtu wa heshima, koti la kahawia mvua na jua. Msimchukie haraka. Mwaka wa njaa Mzee Mwakibete aliwahi kumpelekea Mama Subilaga debe zima la unga mpaka mlangoni, wala hakumdai. Alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Kosa lake lilikuwa kwingine, na ni kosa ambalo na mimi ninalo, na wewe unalo, ngoja tufike.

Yeye ndiye aliyekuwa akinunua yai la Mama Subilaga. Kila Jumapili. Akishalinunua anainua mkono na kusema, "Mpelekeeni mchungaji!" Watu wanapiga makofi, akina mama wanapiga vigelegele, yai linakwenda kwa mchungaji. Na mchungaji, mtumishi wa Mungu, analikaanga. Nani amwambie habari za ahadi ile? Hata yeye hakujua.

Na Mama Subilaga wakati huo yuko wapi? Yuko pembeni, karibu na ukuta, anatazama chini. Alijizoesha kutazama chini, maana dalali yule ukimtazama tu anasema, "Yule mama kule ameongeza!" Na yeye hakuwa na cha kuongeza. Mtu akikaa miaka saba mnadani anatazama vidole vya miguu yake, ndugu zangu, mwisho anaamini kuna watu wameumbwa kununua na kuna watu wameumbwa kutazama vidole.

Basi mwaka mmoja ukaja mradi. Mradi wa kusaidia kaya maskini kwa fedha taslimu. Si unga, si mahindi ya njano, si mabati. Fedha, kila baada ya miezi miwili, zinaingia kwenye simu. Mkutano wa kijiji ukaitishwa, majina yakasomwa, na jina la Mama Subilaga likiwemo.

Mzee Mwakibete alisimama kwenye mkutano ule, akasema kwa upole, wala hakuwa na chuki, "Wageni wetu, tunawashukuru. Lakini hawa ndugu zetu tunawafahamu sisi. Waleteeni unga. Waleteeni mbegu. Mtu ambaye hajazoea kushika hela, ukimpa hela umemtafutia matatizo." Watu wengi wakatikisa vichwa kukubali. Mama Subilaga naye akatikisa kichwa. Ndiyo, na yeye pia! Alikuwa amesikia maneno hayo kwa miaka mingi, hakujua kwamba anaruhusiwa kuyakataa.

Baadaye dada wa mradi alikuja nyumbani kumwandikisha. Walikaa kwenye kigoda na mkeka. Mama akauliza, "Dada, hizo hela mnataka ninunue nini?"

"Unachohitaji, mama."

"Ndiyo, lakini nyinyi mnataka kiwe nini? Ili mkija kukagua nisije nikawa nimekosea."

Yule dada akafunga daftari lake. "Mama, hatuji kukagua ulichonunua. Wewe ndiye unayeijua nyumba hii, mimi nimeiona leo tu."

Mama akamwangalia usoni. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kuna kitu anakijua kuliko mwenye daftari.

Fedha zikaingia. Nanyi mnataka kujua alizifanyia nini, nawaona mmekaza masikio! Alinunua chumvi, pakiti nzima, kwa sababu tangu ahamie nyumba ile alikuwa akinunua ya kufungiwa kwenye karatasi. Alinunua sabuni. Alimnunulia Subilaga kandambili na sweta la shule, na blanketi moja la kulalia wote wawili, maana kule baridi haina huruma. Halafu alifanya jambo ambalo kijiji kizima hakikuliona, na ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Mnajua maskini wa shambani anavyopata shida. Mvua za kwanza zikinyesha, kila mtu yuko shambani kwake anapanda. Yeye yuko shambani kwa mtu mwingine anafanya kibarua, maana leo asipolima kwa watu, jioni hakuna ugali. Akimaliza mashamba ya watu, mvua nzuri zimeshapita, ndipo anapanda la kwake. Anavuna kidogo, mwakani anarudi kwenye kibarua mapema zaidi. Tunasema ni mvivu, viazi vyake vidogo. Mwaka ule Mama Subilaga mvua ya kwanza iliponyesha alichukua jembe, akafunga kanga kiunoni, akaenda shambani kwake. Akapanda viazi vyake kwanza. Mwenye shamba la chai alipotuma mtu kumwita, akajibu, "Mwambie nitakuja wiki ijayo, wiki hii nina kazi." Akakaa kwenye tuta akacheka peke yake, mikono imejaa udongo. Nina kazi! Maneno matamu yale.

Sasa mwaka huohuo kideri kikapita. Kuku wakafa kijiji kizima, vifaranga na majogoo, mabanda yakabaki manyoya tu. Hata dukani kwa Mzee Mwakibete trei la mayai halikuonekana. Kuku wa Bwana peke yake akapona, labda kwa sababu alikuwa anashinda ndani na kulala chini ya kitanda, labda kwa sababu mnayoijua nyinyi wenye imani. Akawa anataga yai mojamoja kwa wiki, naye amechoka.

Jioni moja mama anapika, Subilaga amekaa karibu na moto, kuku amepakatwa. Mtoto akauliza, "Mama, yai la huyu lina ladha gani?"

Mama akasema, "Sijui, mwanangu."

"Hujawahi kula?"

"Sijawahi."

"Anayelila anajua?"

"Anajua."

Mtoto akamshika kuku kifua, akafikiri. "Ningependa na mimi nijue. Mimi ndiye ninayemlisha."

Hakulia, hakudeka. Alisema tu, kisha akaomba kijiko akoroge mboga. Lakini mama hakuweza kula vizuri siku ile. Angefanyaje? Yai si lake kuligusa. Ni la Bwana mpaka lifike mezani pa Bwana. Ndipo likamjia wazo, akaacha mwiko kwenye sufuria. Likishafika kwenye meza ya mnada, si linauzwa? Na likishauzwa, si ni la aliyelinunua, alile, alikaange, alifanye atakavyo? Basi na mimi naweza kuwa mtu wa kununua. Akaenda kwenye Biblia yake, akaweka noti ya elfu mbili katikati ya kurasa ili inyooke. Noti ya Jumapili.

Msifikiri ni jambo dogo. Kwake yeye kuinua mkono mbele ya watu wale ilikuwa kama kuingia mtoni bila kujua kina. Jumamosi nzima alijizoeza, anafua huku anasema kimoyomoyo, mia tano, mia saba, elfu moja.

Jumapili ikafika. Yai akaliweka kwenye kikapu cha sadaka kama kawaida, kwa mikono miwili. Ibada ikaisha, watu wakatoka nje, mnada ukaanza. Ndizi zikauzwa, boga likauzwa. Dalali akainua yai juu kama anaonyesha kombe. "Wapendwa! Yai! Yai la pekee wilayani! La kuku pekee aliyebaki hai! Nani anaanza?"

"Mia tano," akasema Mzee Mwakibete.

"Mia saba," ikasema sauti pembeni ya ukuta.

Watu wakageuka. Dalali akashusha yai. "Nani kasema? Mama Subilaga? Mama, hili ni lako wewe! Umelileta asubuhi hii!" Wakacheka, si kwa ubaya, ila wakacheka. Safari hii mama hakutazama vidole. Alitazama yai.

"Nimesema mia saba," akasema.

Sasa fikirini mlivyo nyinyi, mngefikiri nini? Mzee Mwakibete alifikiri hivyohivyo. Alisema moyoni, nilisema mimi. Hela imemlewesha. Anataka aonekane na yeye ananunua. Mtoto nyumbani amekonda, mama anachezea msaada wa watu kwenye mnada. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaamua kumwokoa.

"Elfu moja," akasema.

"Elfu moja na mia mbili."

"Elfu na mia tano."

Subilaga alikuwa ameshika kanga ya mama kwa nyuma, ameikunja mkononi mpaka imembana mama kiunoni. "Elfu mbili," mama akasema. Zilikuwa zimeisha.

"Elfu tano!" akasema Mzee Mwakibete, na watu wakapiga makofi, maana elfu tano kwa yai moja ilikuwa haijawahi kutokea. Dalali akafurahi, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, limeuzwa. Mzee akainua mkono kama siku zote. "Mpelekeeni mchungaji!" Vigelegele. Mchungaji akatabasamu, akapokea yai, akalishika kiganjani.

Kisha Mzee Mwakibete akasogea kwa Mama Subilaga, akainama, akamwambia taratibu kama baba anavyomwambia binti yake, "Mama Subilaga, usinikasirikie. Nimekusaidia. Hiyo elfu mbili kamnunulie mtoto kitu cha kula."

Mtoto ndiye aliyemtazama yule mzee juu, bila hasira yoyote, kwa mshangao tu, akamuuliza:

"Babu, si ndicho tulichokuwa tunanunua?"

Ndugu zangu.

Kimya kilianzia hapo kikaenda mpaka kwenye meza. Waliokuwa wanafunga ndizi kwenye baiskeli wakaacha. Mchungaji akasimama na yai mkononi, na yai likawa zito. Akasogea, akauliza, na mama akamweleza kwa maneno machache, macho yamejaa machozi lakini sauti imenyooka: tope, degedege, ahadi, kuku, miaka saba, na swali la mtoto. Mchungaji alikuwa akihesabu moyoni, bila kupenda, amekula mayai mangapi.

Akanyoosha mkono. "Mama, chukua. Chukua yai lako, nisamehe."

Hapa ndipo ningependa niwaambie mama akachukua, wote wakalia, tukaimba. Lakini mama alirudisha mikono nyuma.

"Hapana, baba mchungaji. Ndaga fijo, nashukuru sana. Lakini vya kupewa nimepewa maisha yangu yote. Unga nimepewa, nguo nimepewa, hata hii kanga nimepewa, nashukuru. Leo sikuja kupewa. Leo nilikuja kununua."

Mnasikia? Hakumtukana mtu. Hakukataa msaada, maana hata ile noti ilitokana na msaada. Lakini msaada ule ulikuwa umempa kitu ambacho debe la unga halikuwahi kumpa: siku moja ya kusema nataka hiki, na bei yake ni hii. Nasi kwa wema wetu tulikuwa tumemnyang'anya siku hiyo, huku tunapiga makofi.

Mchungaji alikuwa na akili, namshukuru Mungu kwa hilo. Hakubishana. Alirudi mezani, akaliweka yai lile katikati ya meza tupu, akasema, "Nimepewa yai. Nami nalitoa sadaka. Dalali, endesha mnada."

Dalali akakohoa. Kwa mara ya kwanza mdomo wake ulikosa utani. "Yai," akasema. "Nani anaanza?"

"Mia tano," akasema Mama Subilaga.

"Mia tano. Anayeongeza?"

Hakuna aliyeongeza. Watu mia na zaidi, wenye maduka, wenye mashamba ya chai, wenye pikipiki, wote wamefunga midomo. Mzee Mwakibete mikono yake ilikuwa ndani ya mifuko ya koti, ameikunja ngumi humo ndani, na machozi yanamshuka bila kuyafuta, kwa sababu angeyafuta angeonekana ameinua mkono. Nawaambieni, mzee yule alikuwa ametoa sadaka nyingi katika kanisa lile, lakini hakuwahi kutoa inayomgharimu kama ile ya kunyamaza.

"Mia tano, mara ya kwanza," akasema dalali.

"Mia saba," akasema Mama Subilaga.

"Mama, unajiongezea mwenyewe. Hakuna aliyeongeza."

"Najua. Elfu moja."

"Mama..."

"Elfu na mia tano. Yai la Bwana silichukui kwa bei ya kuonewa huruma." Akafungua Biblia yake, akaitoa noti iliyonyooka, akainua juu watu wote waione. "Elfu mbili."

"Mara ya kwanza," akasema dalali. "Mara ya pili. Mara ya tatu. Limeuzwa kwa Mama Subilaga!"

Hapo mke wa Mzee Mwakibete akapiga kigelegele kimoja kirefu, na kanisa lote likamfuata. Mhasibu alimwendea Mzee kuuliza kama ile elfu tano airudishe. Mzee akatikisa kichwa, akasema iache, ni ada ya shule niliyosoma leo.

Walikwenda nyumbani, mama na mtoto. Mama akalichemsha yai, akalimenya, akalikata kwa uzi katikati, nusu kwa nusu, akatia chumvi ya kutosha. Wakakaa wanatazamana. Subilaga akaweka nusu yake mdomoni, akatafuna polepole, macho yamefumbwa. Mama akasubiri, hajagusa nusu ya kwake.

"Enhe? Lina ladha gani?"

Mtoto akameza. Akafikiri. Akasema, "Mama, ni yai tu."

Mama alicheka, wapendwa. Alicheka akalala kwenye mkeka, akacheka mpaka machozi, na mtoto naye akacheka ingawa hakujua kinachochekesha, na kuku akatoka chini ya kitanda kuona kuna nini.

Ni yai tu! Miaka saba lilikuwa ahadi, lilikuwa sadaka, lilikuwa heshima ya mzee na kifungua kinywa cha mchungaji. Siku ile likawa yai tu, mtoto amelila, limeisha, kesho ataomba kitu kingine. Ndivyo inavyotakiwa kuwa kwa kila mtoto katika kijiji chetu. Sweta liwe sweta tu. Daftari liwe daftari tu. Mama aseme wiki hii nina kazi na isiwe habari.

Sasa sisi. Mfano huu si wa kule milimani, ni wetu, maana nimewaona. Msaada umekuja hapa kwetu pia, majina yamesomwa, na tangu siku hiyo macho yetu hayatoki kwenye vikapu vya watu. Kanunua soda! Kasuka nywele! Kanunua redio, kwa nini asinunue mbuzi? Nani alikuuliza wewe ulinunua nini mshahara wa mwezi uliopita? Nani alikufuata dukani? Tunawapenda maskini wetu, sikatai. Tunawapenda wakiwa wamenyoosha mikono kupokea. Mikono ileile ikiinuka kununua, tunaingiwa na hofu, tunaita hofu hiyo hekima, tunapanda bei. Na yule tunayemshinda bei anarudi nyumbani na mtoto wake, nasi tunasema tumemsaidia.

Mimi nimekwisha kutubu, maana mayai yenu nimeyala mengi bila kuuliza yametoka nyumba gani. Sasa ni zamu yenu. Dakika kumi kuanzia sasa tutatoka nje, na meza mmeiona, imejaa. Dalali ataanza kuita. Pembeni pale, kwenye ukuta, atakuwepo mtu ambaye hamjawahi kusikia sauti yake. Akiinua mkono leo, ndugu zangu, kwa jina la Yesu nawaomba: ingizeni mikono yenu mifukoni, muiache humo.